Dawa Isiyo na Ahsante

Kila dawa niliyopata kuimeza, kujipaka au kuchomwa imenipa faida niliyoiona kwa macho yangu. Ya maumivu huniondolea kichwa. Ya malaria hunivumisha masikio na kunichafulia mdomo, lakini baada ya siku chache naamka na hamu ya muhogo, najua fedha yangu haikwenda bure. Hata ile dawa ya kuchua aliyokuwa akiuza bwana mmoja gulioni, yenye harufu ya kuamsha maiti, ilikuwa inaunguza, na kitu kinachounguza mzee wa Gando, Pemba, hukipa heshima yake. Dawa niliyonayo sasa, ya presha ya macho, haiunguzi cha maana, haiponyeshi, wala haiongezi hata chembe ya kuona. Nikiitia nabaki vilevile. Nisipoitia nabaki vilevile, mpaka siku nitakayokuwa siko vilevile tena, na siku hiyo, anasema daktari, hata nikijimiminia chupa nzima haitarudisha kitu.

Sasa niambieni, huo ni mpango gani?

Mie hospitali niliingia kutafuta miwani. Herufi za msahafu zilikuwa zimeanza kukimbiana, nikajua ni umri, nikapanda daladala. Sikuwa na maumivu, sikuwa na ukungu, kisiwa cha Fundo nilikuwa nakiona ng'ambo ya maji na ngalawa zinazokwenda huko naweza kukwambia ya nani. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akanitia tone la ganzi, akafuatisha rangi ya manjano, halafu akanisogezea kidude chenye mwanga wa buluu mpaka kikagusa jicho. "Usibane, mzee wangu." Nani asiyebana akiona kitu kinamjia jichoni? Akaandika: kulia 28, kushoto 32. Mie nikadhani ni maksi, nikajiona nimefeli. Kumbe nimepindukia. Jicho la kawaida husimama baina ya 10 na 21, zikihesabiwa kwa milimita za zebaki.

Akanieleza kwa mfano wa birika la msikiti. Ndani ya jicho kuna maji yanayotengenezwa usiku na mchana, na yana mfereji wa kutokea. Mfereji ukianza kuziba na huku bomba halifungwi, birika linajaa. Jicho halina pa kufurikia, basi mkandamizo wote unaushukia mshipa wa fahamu ulio nyuma yake, ule unaopeleka picha kwenye ubongo, na unauua uzi baada ya uzi. Huanza kukuibia pembeni. Katikati hukuachia mpaka mwisho, ili usigutuke. Dawa nyingine zinapunguza maji ya bomba, nyingine zinafungua njia ya kutokea. Uzi uliokwisha kufa haufufuki.

"Sasa nitatia mpaka lini?"

"Umri wako wote, mzee wangu."

Watu wengine wanaopewa maisha huwa kwanza wameua.

Halafu akaniuliza kama kuna mtu kwetu aliyepofuka. Nikamwambia marehemu baba, lakini yule alikuwa na uzee tu. Nilipokuwa nasema hivyo nilianza kukumbuka vitu ambavyo sikuvitaka. Baba alikuwa bingwa wa bao. Kete anaziona, mashimo anayaona, anakufunga huku anazungumza na mtu mwingine. Lakini kikombe cha kahawa kilichowekwa ubavuni pake hakikupona hata kimoja. Barazani wakamwita Mvunja Vikombe, na muuza kahawa akawa anamtilia kwenye kopo. Kamba ya nguo ikimpiga shingoni tunacheka. Mkarafuu uliosimama pale tangu babu yake hajazaliwa, akaupiga bega. Tukacheka. Mpaka kete nazo zikapotea. Daktari aliandika kitu kwenye faili, hakucheka.

Basi nikatoka na dawa mbili. Ya asubuhi na jioni ni timololi, hiyo inapunguza maji ya bomba. Ya usiku ni latanoprosti, inayofungua njia ya kutokea. Karatasi za maelezo zilizomo ndani ya maboksi zimeandikwa kwa herufi ambazo chungu mwenye miwani angezilalamikia, na hizo ndizo anazopewa mgonjwa wa macho. Mke wangu, ambaye macho yake ni ya mwewe, akanisomea. Uchovu. Mapigo ya moyo kwenda polepole. Kupungua hamu ya... hapo akanyamaza, akaikunja karatasi, akaenda nayo jikoni. Tangu siku hiyo nikisema nimechoka, naangaliwa kwa namna nisiyoipenda.

Kazi yenyewe ya kutia. Unaambiwa tone moja tu. Nikauliza kwa nini moja, na chupa nimeinunua kwa fedha yangu. Nikajibiwa kuwa tone linalotoka kwenye chupa limeshazidi uwezo wa jicho: jicho linabakisha kidogo, linalozidi linateremka shavuni. Yaani nanunua dawa ya bei, jicho linachukua lake, na sehemu kubwa ninaoshea ndevu. Ukitia matone mawili ndiyo unaosha ndevu vizuri zaidi.

Utaratibu ni huu. Vuta ngozi ya chini ya jicho ifanye kimfuko. Tazama dari. Dondosha bila ncha ya chupa kugusa jicho. Fumba, usipepese. Kisha bana kwa kidole pembe ya jicho iliyo upande wa pua, dakika moja au mbili, kwa sababu hapo pana kitundu kinachoteremsha machozi puani, na dawa ikipita hapo inakwenda kuzurura mwilini badala ya kukaa kazini. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika 5, la sivyo ya pili inaifukuza ya kwanza. Aliyetunga haya alikuwa na mikono mitatu na nyumba yenye dari. Mie natazama bati, na tundu lake moja.

Nilipojaribu mwenyewe nilitia puani, kwenye nyusi, na mara moja ndani ya sikio, sijui vipi. Mke wangu akachukua kazi.

"Fumbua."

"Nimefumbua."

"Hilo umelofumbua la kulia, tunatia la kushoto."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Jicho ni lako, na ushoto nao wangu?"

Ndoa ilianza kupoteza mapenzi kwa kasi, tukaona bora kazi apewe mjukuu, yuko skuli, darasa la tano, mkono wake mtulivu na shabaha yake ya manati inajulikana mpaka Wete. Hakosi. Lakini ni mfanyabiashara. Alianza kwa barafu moja ya ubuyu. Alipoambiwa kuna na dawa ya pili akasema, "Babu, kazi imezidi." Ilipokuja amri ya kubana pembe ya jicho akadai ya ukwaju juu yake. Na barafu zenyewe anauza mama yake, mke wa mwanangu, kwa hiyo fedha inatoka mfukoni mwangu inazunguka sebule na kulala chumba cha pili.

Friji nayo ni ya huyohuyo mama yake. Chupa ya latanoprosti ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Ukishaifungua unaruhusiwa kuiweka nje kwa wiki chache, maadamu joto halizidi nyuzi 25. Chumba changu hakijapata kuwa nyuzi 25 tangu kilipoezekwa bati. Hivyo dawa yangu inalala na barafu za watu, na kila mtoto wa mtaa anayefungua mlango anaisogeza. Siku moja ikasogezwa mpaka kwenye sehemu ya kugandishia, nikaikuta imekuwa jiwe. Imeandikwa isigandishwe. Nikaitupa, nikakaa nikiitazama ilipoangukia.

Umeme ndio huo. Tangu ulipovutwa waya chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba tumesahau zile zama za majenereta, tumekuwa watu wa friji na feni. Lakini ukikatika, nyumba nzima inalia samaki wake, na mie peke yangu nimekaa nalilia kichupa kisichojaa hata kijiko kimoja cha chai. Kimebeba mililita 2 na nusu. Nimepata kuona mtu akimwaga zaidi ya hizo anapopenga.

Daktari alitaka ahakikishe kuwa ile ya usiku inanifaa, akaniambia nianze na jicho la kushoto peke yake, la kulia liwe la kulinganishia. Shauri zuri la kitaalamu. Tatizo ni kwamba dawa hii ina tabia ya kuotesha kope. Miezi ikapita, kope zangu za kushoto zikarefuka, zikakoza weusi, zikajikunja juu kama za bibi harusi. Za kulia zikabaki za mzee wa karafuu. Harusini shangazi mmoja akanishika kidevu mbele ya watu, akaniuliza wanja huu natengenezewa na nani, na kwa nini nimepaka upande mmoja. Mke wangu, ambaye kwa miaka mingi hakunisifia kitu kilicho juu ya shingo, akaniuliza usiku ule kwa sauti laini kama dawa inabakia kidogo. Na msidhani ni yeye tu. Huko Marekani mwaka 2008 dawa ndugu yake, inayoitwa bimatoprosti, iliruhusiwa kuuzwa mahsusi kwa watu wanaotaka kope ndefu. Watu wenye macho mazima wanalipa fedha kwa makusudi ili wapate madhara ya dawa yangu!

Kabla ya kope lilikuja jicho jekundu. Wiki za mwanzo jicho liliwaka kidogo na weupe wake ukawa mwekundu. Pemba, mzee mwenye jicho jekundu ana mashtaka mawili ya kujibu, ulevi na uchawi, na la ulevi ndilo jepesi. Jirani mmoja aliacha kunipitishia wanawe mbele ya nyumba jioni. Mwingine, kinyume chake, akaja kwa adabu kubwa kuniuliza kama naweza kumsaidia kupata mchumba.

Ushauri haukukosekana. Kwa kuwa ugonjwa unaitwa presha, nikaambiwa nipunguze chumvi, nisigombane, nile vitunguu saumu. Daktari aliniambia presha ya jicho si ile ya damu. Unaweza kuwa na moja bila ya nyingine. Barazani hilo halikukubalika. "Presha ni presha," alisema mmoja, na mjadala ukafungwa. Wengine wakaleta asali, maji ya kitunguu, maziwa ya mama anayenyonyesha. Sina ugomvi na asali, inakaa vizuri kwenye mkate. Jichoni ni mahali pengine.

Wanaonichosha zaidi ni waazimaji. Kwetu dawa ya macho ni dawa ya macho. Mtu ameingiwa na vumbi, mtoto ameamka na tongotongo, bibi haoni kutunga uzi kwenye sindano, wote wanakuja kwangu: "Ami, hebu nitilie tone." Jirani mmoja alikuja macho yanamwasha, na kifua chake kinapiga filimbi tangu tukiwa wadogo. Pumu hiyo, kijiji kizima kinaijua. Timololi ni kitu cha kwanza daktari alichonihoji: una pumu? Moyo wako unapiga polepole? Kwa sababu tone lile, kwa kupitia kile kitundu cha puani, linafika mwilini na linaweza kubana njia za pumzi za mtu wa pumu mpaka akawa hoi. Nikamwambia hivyo. Akaniambia nimekuwa bakhili tangu nianze kwenda hospitali.

Na kuna hatari ya pili, na hii mie huisema hata kama sikuulizwa. Madukani mna matone ya macho yenye steroidi, kama deksamethasoni. Yanapoza muwasho upesi, jicho linakuwa jeupe siku ileile, watu wanayapenda. Mtu akiyatia kwa muda mrefu bila kupimwa, yanaweza kumpandishia presha ya jicho na kumletea ugonjwa huu huu wangu, hata akiwa mtoto wa skuli. Dawa iliyo mbaya inakupa raha ya papo hapo, iliyo nzuri haikupi kitu. Nilishasema mpango huu siuelewi.

Mwenye kudhani atanitisha na uganga, aulize historia. Pemba watu wanavuka bahari kuja kutafuta waganga, na nimeshauriwa na wengi nisihangaike na chupa za wazungu. Sasa sikilizeni dawa ya kwanza ya wazungu ya presha ya macho ilikotoka. Kule Calabar, Nigeria, kulikuwa na kunde ya mtambaa wa kando ya mito iliyotumika kwa kiapo, kama mwavi wa huku kwetu: mshukiwa wa uchawi analishwa, akitapika yuko safi, akifa alikuwa mchawi. Wamishionari na madaktari wa Scotland wakaichukua, wakaichunguza, ikatolewa dawa inayoitwa fizostigmini. Mwaka 1876 Ludwig Laqueur, profesa wa macho mjini Strasbourg, akatangaza kuwa inashusha presha ya jicho. Bwana yule alikuwa na ugonjwa huu mwenyewe, kwa hiyo namwamini kuliko wenzake. Muda mfupi baadaye ikaja pilokapini, kutoka kwenye majani ya kichaka cha Brazil. Timololi iliingia sokoni Marekani mwaka 1978, latanoprosti mwaka 1996. Yaani mwanzo wa yote haya ni mwavi. Nilipolieleza hilo barazani, yule aliyekuwa akinihimiza kwa mganga akasema yeye alijua tangu zamani.

Ramadhani ilipofika ikawa kesi kubwa zaidi. Nilisema, kwa bahati mbaya, kuwa dawa naisikia uchungu kooni. Basi mzee mmoja akanihukumu palepale kuwa sina saumu. Tukabishana mchana kutwa, sote tuna njaa, na kubishana na njaa hakuna mshindi. Imamu akatuamua. Katika madhehebu yetu ya Shafi, alisema, jicho halihesabiwi kuwa ni tundu lililo wazi la kuteremsha kitu tumboni, ndiyo maana kupaka wanja hakufunguzi. Na mwaka 1997 Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokaa Jeddah, liliyataja matone ya macho miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu, maadamu mtu hamezi kinachomfikia kooni. Yule mzee akasema Jeddah ni mbali.

Mie sikutaka maneno. Nikapanga timololi baada ya daku, kabla ya alfajiri, na nyingine baada ya futari, na latanoprosti nikitoka tarawehe. Saa zenyewe zikaangukia vizuri, kana kwamba aliyetengeneza dawa ya mara mbili kwa siku alikuwa anafunga. Kitu kimoja tu kiliniudhi: daktari alinikataza kufakamia lita nzima ya maji kwa mkupuo mmoja wakati wa kufuturu, kwa kuwa maji mengi ya ghafla huipandisha presha ya jicho. Ninywe kidogo kidogo. Mtu amefunga kutwa, jua la Gando, madafu yako mbele yake, anywe kidogo kidogo.

Kupata dawa kwenyewe ni kazi ya pili. Duka silitaji, mwenyewe tunasali safu moja. Ukienda, imekwisha. Ukienda tena, imekuja ikaisha. Siku nyingine anakupa kitu kingine kwa uso mkunjufu: "Hii nayo ya macho, mzee." Unaisoma, ni ya kuua vijidudu. Timololi na latanoprosti zote zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nami nafurahi sana kwa ajili ya orodha hiyo. Pensheni jamii ya wazee wa Zanzibar, ilipoanza mwaka 2016, ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70. Mie bado sijafika miaka hiyo, lakini macho yangu yamewahi mbele.

Kwa hiyo nina shemegi Maskati. Kila familia ya Pemba ina shemegi Maskati, au inamtafuta. Akija mtu, ananiletea boksi zimefungwa kwenye kitambaa cha maji baridi katikati ya udi na halua, na huja zimepoa kuliko zilivyokuwa dukani kwetu. Ubaya wake ni kuwa kijiji kikiona maandishi ya Kiarabu kwenye boksi kinaamini ni kali zaidi, na waazimaji wanaongezeka.

Mpwa wangu, msomaji wa kila kitu kwenye simu, ananiambia niachane na chupa, kuna leza. Mwaka 2021 madaktari waliofanya utafiti hospitali ya KCMC, Moshi, walitoa matokeo yao: waliwagawa wagonjwa wa ugonjwa huu, wengine wakapewa timololi, wengine wakapigwa leza kwenye ule mfereji wa kutokea maji. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalifanikiwa kwa asilimia 31 ya macho ya timololi, na asilimia 61 ya macho ya leza. Habari njema kabisa. Sasa tupige hesabu: Gando hadi Wete, Wete hadi Mkoani, boti hadi Unguja, boti nyingine hadi Dar es Salaam, kisha basi kutwa nzima hadi Moshi, na baridi ya Kilimanjaro juu yake, mie ambaye sweta yangu ya mwisho nilivaa nikiwa mchanga. Nitakwenda. Sijasema sitakwenda. Nasema wangeanza utafiti Wete.

Nilirudi kwa daktari wangu baada ya muda. Akapima: 17 na 18. Kisha akaniweka mbele ya mashine, jicho moja limefunikwa, nitazame katikati na nibonyeze kitufe kila nikiona kinuru kinamweka pembeni. Vinuru vingine ni hafifu mno hivi kwamba unabaki kubonyeza kwa imani tu. Karatasi ikatoka, akaiweka sambamba na ya zamani, akaitazama sana. Nikasubiri.

"Mashaallah, mzee wangu. Hakuna mabadiliko."

Nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, barafu za ubuyu zisizo idadi, kope za bibi harusi, ugomvi wa Ramadhani, yote ili niambiwe hakuna mabadiliko. Na yeye alikuwa anacheka kwa furaha, nami nikajikuta nacheka, sijui nilikuwa nachekea nini.

Nimebaki na kaka yangu. Baba mmoja, mama mmoja, kanizidi miaka, na hataki kupimwa kwa sababu anaona. Nilimwambia mtoto au ndugu wa damu wa mgonjwa wa presha ya macho yumo hatarini kuliko watu wengine. Akaniambia mbona anaziona kete zote. Juzi nilimtengea kahawa ubavuni, makusudi. Ameimwaga. Sikumcheka, nimemwandikisha na Jumatatu tunakwenda, akipenda asipende, nauli natoa mie.

Na wewe msomaji, kule Kongwa, Dodoma, watafiti walipima zaidi ya watu 3,000 wa vijijini wenye miaka 40 na zaidi, wakakuta takriban 4 katika kila 100 wana ugonjwa huu. Kama umeshapita 40, au kwenu kuna aliyepofuka mkasema ni uzee tu, siku ukienda kutafuta miwani mwambie daktari akupime na presha ya jicho. Haiumi na haichukui muda. Ila chupa yangu usije kuniazima.